Farasi 70 Walikwenda Wapi?

Kila mwaka wa masomo, katika wiki za mwanzo za somo langu la sera za umma, huwapa wanafunzi kitendawili kifuatacho. Mwaka 1971 kampuni ya Chevrolet ya Marekani iliuza gari la michezo liitwalo Corvette, na vitabu vya kampuni vikaeleza kwamba injini yake ya kawaida, yenye ujazo wa lita 5.7, ilikuwa na nguvu farasi 270. Mwaka 1972 kampuni ileile iliuza gari lilelile likiwa na injini ambayo kwa karibu kila kipimo ilikuwa ileile: silinda nane zilezile, ujazo uleule, na uwiano uleule wa mgandamizo wa 8.5 kwa 1. Safari hii vitabu viliandika nguvu farasi 200. Hakuna aliyechomoa pistoni wala kupunguza silinda. Je, farasi 70 walikwenda wapi?

Majibu huwa mengi. Wapo wanaosema kampuni ilibana matumizi. Wapo wanaotaja mgogoro wa mafuta, wakisahau kwamba nchi za Kiarabu zilianza kuzuia mafuta yao Oktoba 1973, baada ya vitabu vile kuchapishwa. Na kila mwaka hakosi mmoja wa kusema kwamba farasi wameibwa, na darasa zima hucheka kicheko cha watu wanaoijua nchi yao. Jibu lenyewe ni jepesi kuliko hayo yote, na huenda wepesi wake ndio unaowachelewesha. Wengi wa farasi wale hawakwenda popote, kwa sababu hawakuwahi kuwamo barabarani. Walikuwa kwenye karatasi. Kilichobadilika ni namna ya kuwahesabu.

Msomaji aliyezoea kukuta hapa mijadala ya katiba, bajeti na hali ya vyuo vikuu vyetu ana haki ya kuuliza gari la kitajiri la Kimarekani limeingiaje. Sikuwahi kuwa mpenzi wa magari. Niliifahamu Corvette nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu katika jimbo la Michigan, jimbo ambalo gari hilo lilizaliwa. Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya kiwandani, alikuwa nayo moja ya mwaka 1972, na siku za Jumamosi kiangazi alikuwa akifungua boneti na kuifanyia usafi kwa utulivu wa mtu anayepalilia bustani. Siku moja nilimwuliza gari lake lina nguvu kiasi gani. Alinijibu kwamba inategemea unamwuliza nani, na umemwuliza mwaka gani. Wakati huo nilikuwa naandika tasnifu kuhusu taarifa za utendaji katika serikali za mitaa. Nilikuwa nimesoma mamia ya kurasa kuhusu vipimo na viashiria, na sikuwa nimekuta ukurasa uliolisema jambo hilo kwa ufupi kiasi kile.

Tuanze na farasi wenyewe. Kipimo cha nguvu farasi kilienezwa na James Watt, mhandisi wa Kiskoti, mwishoni mwa karne ya 18. Alikuwa akiuza injini za mvuke kwa watu waliozoea kuendesha mitambo yao kwa farasi, na alihitaji lugha ambayo mteja angeielewa: injini hii itakufanyia kazi ya farasi wangapi. Leo tunahesabu nguvu farasi moja kuwa takriban wati 746. Ni vyema tukakumbuka kwamba kipimo hiki tangu mwanzo wake kilikuwa lugha ya sokoni. Mpimaji na muuzaji alikuwa mtu mmoja.

Hadi mwaka 1971, watengenezaji wa magari wa Marekani kwa kawaida walitangaza kile tunachoweza kukiita nguvu ghafi. Injini ilifungwa juu ya meza ya majaribio ikiwa peke yake. Haikuwa na chujio la hewa la kuibana pumzi. Haikuwa na alteneta ya kuchaji betri. Moshi wake ulitoka kupitia mabomba mapana yaliyo wazi, wala haukupita katika mabomba membamba na viziba sauti vya gari halisi. Muda wa kuwasha cheche ulirekebishwa mpaka injini itoe kila ilichoweza kutoa. Namba iliyopatikana ndiyo iliyopelekwa kwenye matangazo. Haikuwa namba ya uongo, kwa maana injini ile, juu ya meza ile, kweli ilitoa nguvu ile. Tatizo ni kwamba hakuna mteja aliyekwenda nayo nyumbani ikiwa juu ya meza.

Kuanzia magari ya mwaka 1972 ikatangazwa nguvu halisi. Injini sasa ilipimwa ikiwa imebeba mizigo yake yote: chujio la hewa, alteneta, pampu ya maji, feni, na mfumo mzima wa kutolea moshi kama utakavyokuwa ndani ya gari. Hata namba hii haijamaliza hesabu, kwa kuwa imepimwa kwenye injini, na nguvu nyingine itapotea ndani ya giaboksi na ekseli kabla haijafika kwenye matairi. Mtumishi wa umma hahitaji maelezo zaidi ya hapa. Hati yake ya mshahara ina namba mbili. Ya juu ndiyo anayoitaja anapokwenda kuposa, na ya chini, baada ya kodi, mfuko wa hifadhi, bima ya afya na marejesho ya mkopo, ndiyo inayonunua unga. Zote mbili ni za kweli. Lakini hakuna mke wala mume anayepanga matumizi ya mwezi kwa kutazama ile ya juu.

Sasa gari lenyewe, kwa sababu historia yake yote ni mvutano kati ya namba hizi mbili.

Corvette ilionyeshwa kwa umma kwa mara ya kwanza Januari 1953, katika maonyesho ya General Motors kwenye hoteli ya Waldorf-Astoria jijini New York. Lilikuwa wazo la Harley Earl, mkuu wa usanifu wa maumbo katika kampuni hiyo. Mwaka huo yalitengenezwa magari 300 tu mjini Flint, yote meupe kwa nje na mekundu kwa ndani. Bodi yake haikuwa ya bati bali ya faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa utomvu wa kiwandani, jambo lililokuwa la kijasiri kwa gari la kuuzwa madukani. Lilikuwa chini, jembamba, lenye macho ya taa yaliyofunikwa kwa wavu. Mtu akiliona limesimama, aliamini linakimbia.

Lilipoanza kwenda, imani ilipungua. Chini ya boneti ile kulikuwa na injini ya silinda sita yenye nguvu farasi 150, za kipimo ghafi, iliyounganishwa na giaboksi ya kujiendesha yenye gia mbili tu. Milango haikuwa na vishikio vya nje wala vioo vya kupandisha, hivyo mvua ikinyesha dereva alipachika mapazia ya plastiki. Mwaka 1954 yalitengenezwa magari 3,640, na mengi yakabaki bila wanunuzi. Mwaka 1955 yakatengenezwa 700 tu. Umbo lilikuwa limeahidi jambo ambalo injini haikuweza kulitimiza, na mnunuzi, ambaye hakuwa mhandisi, aliligundua hilo bila msaada wa mtaalamu yeyote.

Waliolikomboa gari hilo walikuwa wahandisi. Ed Cole, mhandisi mkuu wa Chevrolet, alileta mwaka 1955 injini mpya ya silinda nane, nyepesi na fupi, ya ujazo wa lita 4.3. Zora Arkus-Duntov, aliyeajiriwa mwaka 1953 baada ya kuvutiwa na gari lile pale New York, aliipeleka Corvette kwenye viwanja vya mbio na kuifanya gari la michezo kweli. Mwaka 1957 ikapata mfumo wa kunyunyiza mafuta badala ya kabureta, na kampuni ikajivunia nguvu farasi 283 kutoka kwenye injini ya ujazo wa inchi 283 za mchemraba: farasi mmoja kwa kila inchi.

Kilele cha umbo lake, kwa macho ya wengi na hata yangu, ni gari la mwaka 1963 lililoitwa Sting Ray, lililochorwa chini ya Bill Mitchell kwa mkono wa msanifu Larry Shinoda. Taa za mbele zilijificha ndani ya bodi na kugeuzwa kwa mota za umeme. Magurudumu ya nyuma kwa mara ya kwanza yalipata mfumo wa kujitegemea, kila moja likipanda na kushuka bila kulivuta jenzake, yakibebwa na springi moja ya vyuma bapa iliyolazwa kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili. Gari likatulia kwenye kona ambako mtangulizi wake alirukaruka. Injini ya lita 5.4 ilianzia nguvu farasi 250, na iliyo kali kuliko zote, yenye kunyunyiza mafuta, ilitangazwa kuwa na 360. Mwaka huo yaliuzwa magari 21,513.

Lakini tazameni gari hilohilo kwa jicho la mkaguzi wa hesabu. Juu ya boneti kulikuwa na matundu mawili ya hewa ambayo hayakupitisha hewa yoyote. Yalikuwa pambo, na mwaka uliofuata yakaondolewa. Kioo cha nyuma kiligawanywa katikati kwa utepe wa bodi, kwa sababu Mitchell aliupenda mstari ule usikatizwe, ingawa Duntov alipinga akisema dereva haoni anakotoka. Mwaka 1964 utepe ukaondolewa. Na kubwa kuliko yote: gari lenye nguvu farasi 360 liliuzwa likiwa na breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Breki za diski zilikuja kuwa za kawaida kwenye Corvette mwaka 1965. Kwa miaka kadhaa, uwezo wa kukimbia ulitangulia uwezo wa kusimama. Mwanafunzi wa maendeleo akitafakari sentensi hiyo kwa dakika mbili atakumbuka miradi zaidi ya mmoja.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nani aliunda gari hili ambalo kwa nusu karne limeuzwa kama Umarekani wenyewe uliopewa magurudumu? Duntov alizaliwa Brussels mwaka 1909 kwa wazazi Wayahudi wa Kirusi, akakulia Urusi, akasomea uhandisi Berlin, akaikimbia Ulaya ya Wanazi wakati wa vita. Shinoda alizaliwa California, raia kamili wa Marekani, na alipokuwa kijana mdogo serikali yake ilimfungia yeye na familia yake katika kambi ya Manzanar kwa kosa moja tu la kuwa na asili ya Kijapani. Mkimbizi mmoja na mfungwa mmoja wa zamani. Katika kipimo ghafi cha uzalendo, kile kinachopimwa mezani bila mizigo, hawa wawili wasingehesabiwa. Katika kipimo halisi, gari lisingekwenda bila wao. Namwachia msomaji alihamishie jambo hilo kwenye mijadala yetu kuhusu nani ni mwenzetu na nani ni wa kuja.

Usidhani, hata hivyo, kwamba namba hupotoshwa kwa kukuzwa peke yake. Kati ya mwaka 1967 na 1969 Chevrolet iliuza idadi ndogo ya Corvette, 216 kwa jumla, zenye injini ya lita 7 iliyojulikana kwa alama ya L88. Vitabu viliandika nguvu farasi 430. Injini nyingine ya ujazo uleule, iliyokusudiwa kwa wateja wa kawaida, iliandikiwa 435. Mteja asiyejua angechagua yenye namba kubwa, na hilo ndilo lililotakiwa, maana L88 kwa kweli ilizidi nguvu farasi 500. Ilikuwa injini ya mbio iliyovishwa mavazi ya barabarani: haikuuzwa na redio, na ilitaka petroli ya okteni 103. Kampuni kwa nje ilikuwa imejitenga na mashindano ya mbio, na kampuni za bima nazo zilikuwa zimeanza kuyatazama kwa jicho kali magari yenye namba kubwa. Namba ndogo ilimfaa kila mmoja. Nami kila ninaposoma taarifa ya shirika linaloomba ruzuku na taarifa ya shirika hilohilo linalolipa kodi, huikumbuka L88. Namba hukua na kusinyaa kwa kutegemea anayeisoma.

Turudi kwenye kitendawili, kwani sijakimaliza. Injini ya kawaida ya Corvette ya mwaka 1970 ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 300. Mwaka 1971, 270. Mwaka 1972, 200. Mwaka 1975, 165. Kwa mtu anayetazama mchoro wa mstari unaoshuka, hii ni hadithi moja ya kuanguka, na wapo wapenzi wa magari wanaoisimulia hivyo hadi leo, wakiilaumu serikali na wanamazingira. Lakini ni hadithi mbili zilizosukwa pamoja. Farasi 30 wa kwanza walipotea kweli: mgandamizo wa injini ulishushwa kutoka 10.25 hadi 8.5 ili iweze kutumia petroli yenye risasi kidogo au isiyo na risasi kabisa. Farasi 70 waliofuata walipotea, kwa sehemu kubwa, kwenye karatasi peke yake. Na kati ya wale 35 wa mwisho, wengi walipotea kweli, kwa ajili ya masharti ya moshi safi. Asiyetenganisha mabadiliko ya kitu na mabadiliko ya kipimo ataomboleza mahali pasipo na msiba, na atashangilia mahali pasipo na harusi. Wanafunzi wangu wa takwimu za elimu na afya wanajua ninachosema: kiwango cha ufaulu kinapopanda katika mwaka uleule ambao mizani ya alama imebadilishwa, swali la kwanza si nani apongezwe.

Wale farasi waliopotea kweli wanatuhusu sisi wa upande huu wa dunia kuliko tunavyodhani. Tangu miaka ya 1920, petroli ilitiwa madini ya risasi ili injini zenye mgandamizo mkubwa zisigonge. Ugunduzi huo ulifanywa mwaka 1921 na Thomas Midgley katika maabara ya General Motors. Mwaka 1925 daktari Alice Hamilton wa Harvard aliwaonya hadharani waliokuwa wakiitetea kwamba risasi ni sumu na haifai kusambazwa mitaani. Hakusikilizwa kwa karibu nusu karne. Mwishoni mwa mwaka 1970 Rais Nixon alitia saini sheria ya hewa safi iliyozitaka kampuni zipunguze sana moshi wa magari. Corvette ya mwaka 1975 ikafungwa kifaa kile cha kusafisha moshi ambacho mafundi wetu hukiita masega. Masega huharibiwa na risasi, kwa hiyo petroli ililazimika kubadilika pamoja nayo. Na aliyesukuma mabadiliko hayo ndani ya General Motors, akiwa rais wake, alikuwa Ed Cole, mtu yuleyule aliyeileta injini ya silinda nane mwaka 1955. Aliyewaongeza farasi ndiye aliyekubali kuwapunguza.

Katika nchi zetu, petroli yenye risasi iliendelea kuuzwa muda mrefu baada ya hapo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na zilikamilisha kazi hiyo mwishoni mwa mwaka 2005, zikisaidiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha kuiuza mwaka 2021. Mimi ni mtoto wa barabara kuu. Nimekulia Dar es Salaam katika nyumba ambayo dirisha lake lilitazama kituo cha mabasi, na utoto wangu wote, na wa wadogo zangu, tuliivuta hewa ile. Sayansi imethibitisha kwamba risasi hudhuru ubongo wa mtoto, hata ikiwa kwa kiasi kidogo. Sitaki kudai kwamba inanidai mimi au mdogo wangu hiki au kile, kwa kuwa hakuna aliyetupima. Nasema tu kwamba katika kitabu chochote cha nguvu farasi, kuanzia ule mwaka wa 1921, hapakuwa na safu ya kuandika gharama hiyo. Nguvu ilihesabiwa. Mapafu na damu ya waliosimama kando ya barabara havikuhesabiwa. Hiyo ndiyo maana ya ndani kabisa ya neno ghafi: hesabu ambayo mizigo yake imebebeshwa watu wasiokuwapo mezani.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kujiunga na jopo la tathmini ya mradi wa maji katika wilaya moja ambayo sitaitaja. Taarifa ilisema visima kumi na viwili, na safu ya mwisho ya jedwali ilikuwa imejazwa asilimia mia moja kwa rangi ya kijani. Tulivitembelea vyote. Vilivyokuwa vikitoa maji siku zile havikufika nusu. Kimoja kilikuwa kimekosa kipuri cha pampu tangu msimu wa mavuno uliopita. Kingine maji yake yalikuwa na chumvi kiasi kwamba wananchi walikitumia kufulia tu. Na kwenye kingine tulimkuta mama mmoja ameanika mahindi juu ya sakafu ya zege, kwa sababu ndiyo sakafu pekee safi kijijini. Tulipokaa na afisa husika nilimwuliza kuhusu ile asilimia mia moja. Hakukasirika. Alifungua taarifa, akaweka kidole chini ya kichwa cha safu, akasema kwa upole, "Daktari, soma hapa. Imeandikwa visima vilivyochimbwa. Vimechimbwa."

Nimemfikiria ndugu yule mara nyingi, na bila chuki. Hakuwa mwongo. Alikuwa ameulizwa swali la ghafi na akajibu kwa ukamilifu. Fomu aliyopewa haikuwa na safu ya maji. Waliomtengenezea fomu walikuwa mbali, nao walikuwa na fomu ya kuwajazia walio mbali zaidi, na kila mmoja katika mnyororo ule alihitaji namba iliyopimwa mezani. Yule mama wa mahindi ndiye peke yake aliyekuwa na kipimo halisi, yaani uzito wa ndoo na urefu wa njia ya kwenda mtoni, na hakuna fomu iliyomfikia.

Hoja ninayokutana nayo kila ninapolisema hili mbele ya viongozi ni kwamba nchi changa haiwezi kumudu namba halisi. Wafadhili watakimbia, wapinzani watafurahi, wananchi watakata tamaa. Ni hoja ya kuheshimiwa, maana wanaoitoa wengi wao si watu wabaya, na baadhi yao wamewahi kuadhibiwa kwa kusema kweli. Lakini tazameni kilichotokea kwa Corvette. Gari lililokuwa likijigamba kwa nguvu lilitangaziwa dunia nzima, mwaka baada ya mwaka, kwamba nguvu zake zinashuka. Mwaka 1975, likiwa na zile nguvu farasi 165, yaliuzwa magari 38,465. Mwaka 1979 yakauzwa 53,807, idadi ambayo gari hilo halijawahi kuifikia tena. Sisemi kwamba ukweli ndio uliowavuta wanunuzi. Walivutwa na mengi: umbo, jina, na upungufu wa magari mengine ya aina hiyo sokoni. Nasema kwamba ukweli haukuwafukuza. Na wahandisi, walipojua hasa walichokuwa nacho, walipata mahali pa kuanzia. Injini za miaka iliyofuata zilirudisha farasi wale na kuwazidisha, safari hii zikiwa na masega, bila risasi, na zikipimwa na mizigo yake yote. Mficha uchi hazai, na mficha udhaifu wa injini hawezi kuitengeneza.

Kwa hiyo nina maombi matatu, kwa makundi matatu ya watu wanaosoma kurasa hizi. Kwa mwanafunzi: unapokutana na namba yoyote ya serikali, ya chama, ya chuo au ya shirika, usianze kwa kuuliza kama ni ya kweli. Uliza ilipimwa wapi, na nini kilikuwa kimefunguliwa na kuwekwa kando wakati wa kupima. Kwa mwanaharakati: usiridhike kumwita mtu mwongo kwa sababu namba yake ni kubwa kuliko unayoiona mtaani. Mara nyingi hasemi uongo, na ukimshutumu kwa uongo atakushinda kwa nyaraka. Dai safu iliyokosekana. Na wewe pia, unapoandika maombi ya ruzuku, jiangalie usiwe L88.

Kwa mtumishi wa umma, ambaye ndiye hasa niliyemlenga, ombi langu ni dogo na najua lina gharama. Katika taarifa yako ijayo, pembeni mwa safu ya visima vilivyochimbwa, ongeza safu moja ya visima vilivyotoa maji mwezi huu. Pembeni mwa madarasa yaliyojengwa, andika madarasa yenye mwalimu. Pembeni mwa dawa zilizonunuliwa, andika dawa zilizokuwapo rafuni siku mgonjwa alipofika. Usiifute safu ya zamani, kwa kuwa kazi ya kuchimba nayo ni kazi na waliochimba wanastahili kutajwa. Ziache zikae pamoja kwenye ukurasa mmoja, ghafi na halisi. Tofauti kati ya safu hizo mbili haitakuwa aibu yako. Itakuwa ndiyo orodha ya kazi ya mwaka unaofuata.